Tarishi wa Mtandao: Historia ya Taarifa za Malipo na Tatizo la Kuzipa Jina

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa mwongozo mfupi wa kurasa 19 ili niufasiri kwa Kiswahili. Mwongozo huo ulieleza jinsi ofisi inavyoweza kuunganisha daftari lake la kompyuta na mfumo wa kampuni ya malipo kwa simu, ili malipo yanapofika yaandikwe daftarini bila mkono wa karani. Katika ukurasa wa tatu nilikutana na neno la Kiingereza "webhook". Nililipasua katikati, kama tulivyozoea kufanya tunapobanwa na muda, nikapata "wavuti" upande mmoja na "ndoano" upande wa pili, nikaandika "ndoano ya wavuti" na kuendelea na ukurasa wa nne. Hakuna aliyepinga. Mhariri aliiona kuwa ni tafsiri ya haki, na mafundi wa kompyuta hawakuisoma kabisa kwa kuwa wao walikuwa na nakala ya Kiingereza.

Tafsiri hiyo ilileta madhara, nami nitayaeleza mahali pake. Kabla ya hapo hapana budi kueleza historia ya kitu chenyewe, kwani laiti ningaliijua historia hiyo, nisingaliandika ndoano.

Tuchukue mfano wa shule inayopokea ada kwa simu. Mzazi aliyeko Kigoma analipa saa nne za usiku. Fedha zinaingia katika akaunti ya shule iliyo kwenye vitabu vya kampuni ya malipo, lakini daftari la shule, ambalo limo katika kompyuta nyingine, halina habari. Litajuaje? Njia ya kwanza ni daftari kuuliza: kila baada ya dakika kadhaa linaiendea kampuni na kusema, "Je, kuna chochote?" Kila aliyepata kuwa na sanduku la posta anaijua njia hii. Unakwenda mjini, unafungua kisanduku, hakina kitu, unarudi. Kesho unakwenda tena. Njia ya pili ni kampuni yenyewe kumtuma mtu mpaka mlangoni mwa shule na barua mkononi, mara tu fedha zinapoingia. Shule inachotakiwa kufanya ni kutaja anwani yake mapema, kuhakikisha kuwa kuna mtu wa kupokea saa zote, na kutia saini kwamba barua imefika. Njia hii ya pili ndiyo iitwayo webhook. Msomaji ataona mara moja kwamba hakuna ndoano popote katika maelezo hayo.

Haja ya kutenganisha fedha na habari za fedha ni ya zamani kuliko kompyuta, na Kiswahili kimeishi nayo muda mrefu. Maneno "hundi" na "hawala" yaliingia katika lugha yetu kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi, la kwanza kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, la pili kutoka Kiarabu. Mfanyabiashara aliyeandika hundi mahali pamoja ili ilipwe mahali pengine hakumwachia mwenye kuichukua ajieleze peke yake. Desturi iliyoenea katika biashara ya hati za namna hii, Ulaya na Asia, ilikuwa kutuma barua ya pili, iliyosafiri kwa njia yake, kumjulisha mlipaji kwamba hundi ya kiasi fulani iko njiani. Mlipaji aliilinganisha hundi na barua kabla ya kufungua kasha. Hivyo palikuwa na vitu viwili: fedha, au hati iliyosimama badala ya fedha, na taarifa juu ya fedha. Taarifa ikichelewa, fedha hazikupotea, zilisubiri tu. Naomba msomaji alishike jambo hili, maana tutalihitaji.

Simu ya maandishi ilipofika, taarifa ilianza kukimbia mbele ya meli. Kampuni ya Western Union ya Marekani ilianzisha huduma ya kupeleka fedha kwa simu ya maandishi mwaka 1871, na mwaka 1879 waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden uliifikia Zanzibar na kuendelea kusini hadi Durban. Tangu hapo mfanyabiashara wa Unguja aliweza kupata habari za Bombay au London kwa saa badala ya majuma. Lakini kasi ilizaa shida mpya. Barua ilikuwa na mwandiko na lakiri. Maneno yaliyotoka katika waya hayakuwa na mwandiko wa mtu yeyote. Je, aliyeagiza "mlipe fulani" ni kweli yule tunayemjua? Mabenki na makampuni ya simu yalijibu kwa vitabu vya siri: maneno na namba za kupimia ambazo walizijua wapelekaji na wapokeaji peke yao. Namba isipolingana, agizo halikutekelezwa. Swali hili la "nani ametuma?" halijapata kuondoka tangu siku hiyo.

Baada ya hapo nitaruka karibu miaka 100. Mwaka 1973 mabenki 239 kutoka nchi 15 yaliunda chama chao mjini Brussels ili kupelekeana ujumbe wa fedha kwa kompyuta. Chama hicho ni SWIFT, na mtambo wake ulianza kazi mwaka 1977. Yapo mengi ya kusema juu yake, lakini kwa mfasiri mambo mawili yatosha. La kwanza ni kwamba SWIFT haibebi fedha. Hubeba ujumbe tu. Miongoni mwa aina za ujumbe wake imo ile yenye namba 910, ambayo kazi yake yote ni kumwambia mwenye akaunti kwamba fedha zimeingia. La pili ni kwamba kila ujumbe unaoingizwa mtamboni hujibiwa ama kwa kukubaliwa ama kwa kukataliwa. Hakuna kunyamaza. Mtumaji asiyejibiwa anajua kwamba kazi yake haijakwisha.

Wavuti wenyewe ulikuja kwa tabia iliyo kinyume na hayo. Tim Berners-Lee aliyependekeza mfumo huo mwaka 1989, akiwa katika kituo cha CERN karibu na Geneva, aliujenga kwa ajili ya kusoma maandishi yaliyowekwa mahali. Kwa kanuni zake, kompyuta ya msomaji ndiyo inayoanza kusema, na seva, yaani kompyuta inayotunza maandishi, hujibu. Seva haimwendei mtu. Ni kama karani wa dirishani: atakuhudumia vizuri ukifika, lakini hatakufuata nyumbani kukuambia kwamba barua yako imekuja. Hadi leo kila jibu la seva hutanguliwa na namba ya tarakimu tatu. Namba 200 maana yake nimepokea, yote ni sawa. 404 ni kwamba unachokitafuta hakipo hapa. 500 ni kwamba mimi niliyepokea nimeharibikiwa kazini.

Biashara ya fedha ilipohamia katika wavuti, tabia hiyo ya dirishani haikutosha. Mnunuzi alilipa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo kisha akafunga kompyuta kabla ya kurudishwa dukani, na mwenye duka hakujua kama amelipwa. Kampuni ya PayPal ikatafuta njia ya kuugeuza mpangilio: mwenye duka alitoa anwani ya ukurasa katika seva yake mwenyewe, na PayPal ikawa inaupelekea ukurasa huo taarifa ya kila malipo. Mwuzaji, aliyekuwa mteja wa PayPal, akawa karani wa dirishani, na PayPal ikawa mgeni anayebisha hodi. Na kwa sababu mtu yeyote angeweza kubisha hodi akajidai kuwa ni PayPal, mwenye duka alitakiwa kuirudisha taarifa ileile kwa PayPal neno kwa neno na kuuliza kama kweli imetoka kwao; jibu lilikuwa ama imethibitishwa ama ni batili. Hapa tunakiona tena kitabu cha siri cha mabenki katika vazi jingine.

Mpango huo ulikuwapo kabla ya jina lake. Neno "webhook" lilitungwa na mwanaprogramu wa Marekani, Jeff Lindsay, mwaka 2007. Alilichukua kutoka katika desturi ya wanaprogramu ya kuacha mahali maalumu ndani ya programu ambapo mtu mwingine anaweza kutundika kazi yake, ili programu ikifika hapo iifanye. Mahali hapo waliita kulabu, kama ile ya ukutani ya kutundikia kofia. Hivyo hata Kiingereza chenyewe hakikukusudia ndoano ya mvuvi. Niliyoyaandika katika ukurasa wa tatu yalikuwa makosa mawili: nilichagua maana isiyo yake, kisha nikaiunganisha na "wavuti", neno ambalo kwa Mswahili lina harufu ya wavu. Nikawa nimemtuma msomaji baharini.

Mwaka huohuo wa 2007, mwezi Machi, Safaricom ilianzisha M-PESA nchini Kenya. Vodacom ikafuata Tanzania mwaka 2008. Mwanzoni taarifa za malipo ziliandikwa zisomwe na binadamu. Mwenye duka alisubiri ujumbe mfupi katika simu yake, akausoma kwa sauti, akatoa bidhaa. Wapo waliochoka kusoma, wakaunganisha simu na kompyuta na kuandika programu ya kuuchambua ujumbe, na programu hiyo ilikwama kila mara kampuni ilipobadilisha mpangilio wa maneno. Mitambo ya M-PESA ya Kenya ilihamishwa kutoka Ujerumani hadi Kenya mwaka 2015, na katika mwaka huo Safaricom ilifungua kiolesura cha programu, yaani mlango ambao programu za watu wengine huutumia kuagiza kazi na kupokea majibu. Mwaka 2017 ilikuja Daraja, mlango uliorahisishwa zaidi. Ni jambo la kutia moyo kwamba mfumo mkubwa namna hii ulipewa jina la Kiswahili, na jina lenye kueleweka. Ni jambo la kusikitisha kwamba ukishavuka mlango huo wenye jina letu hukuti tena maneno mengi ya Kiswahili.

Utaratibu wa Daraja unastahili kuelezwa kidogo, kwa sababu unaonyesha wazi kazi ya tarishi. Ofisi inayopokea malipo husajili anwani mbili. Ya kwanza ni ya idhini: mtu anapolipa, M-PESA yaweza kuuliza kwanza, "Namba hii ya akaunti mnaitambua? Nipokee fedha?" na ofisi hujibu ndiyo kwa kutaja sifuri, au hapana kwa kutaja namba ya sababu. Huduma hii ya kuuliza haifunguliwi mpaka iombwe, na ofisi hutakiwa kusema mapema malipo yafanyweje iwapo anwani yake haipatikani: yakamilishwe au yafutwe. Anwani ya pili ni ya uthibitisho: fedha zikishaingia, taarifa hupelekwa hapo ikiwa na namba ya muamala, kiasi, wakati na namba ya akaunti iliyotajwa na mlipaji. Idhini huja kabla ya fedha, uthibitisho huja baada yake. Nimeona mwongozo uliotumia neno "uhakiki" kwa zote mbili, na mwanafunzi aliyeusoma akaweka programu ya kukataa malipo katika anwani ya uthibitisho, mahali ambapo kukataa hakuna maana tena.

Upo pia utaratibu ambapo ofisi ndiyo inayoanza, kwa kumpelekea mteja ombi la kulipa linalojitokeza katika simu yake. Hapo jibu la kwanza la mfumo husema tu kwamba ombi limepokelewa. Jibu lenye habari huja baadaye, katika anwani iliyoachwa na ofisi: 0 kama mteja amelipa, 1 kama salio halikutosha, 1032 kama amekataa, 1037 kama simu yake haikupatikana. Vijana wanaofanya kazi hii wana maelezo yao mazuri kuliko yote niliyopata vitabuni. Wanasema, "Wewe unabipu tu, halafu wao wanakupigia." Kila aliyewahi kuishiwa salio ataelewa, na ataelewa pia kwamba aliyebipu kisha akazima simu hana wa kumlaumu.

Kwa upande wa Tanzania, mwaka 2017 Serikali ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kukusanya malipo yake, GePG, ambao umewazoesha wananchi kuomba namba ya malipo kabla ya kwenda benki au kwa wakala. Humo nako utaratibu ni uleule. Taasisi hupeleka ankara, hupokea jibu kwamba ankara imefika, kisha baadaye hupelekewa namba ya malipo. Mwananchi akilipa, taasisi hupelekewa taarifa ya malipo, nayo lazima ijibu kwa namba 7101 kwamba imepokea bila kasoro. Ujumbe hutiwa saini ya kielektroniki kila upande. Na mwisho wa siku taasisi huomba orodha ya malipo yote ili kufanya usuluhishi wa hesabu, kama wahasibu wetu wanavyouita. Waliobuni utaratibu huo walielewa kwamba tarishi mwaminifu peke yake hatoshi. Lazima pawe na siku ya kufungua madaftari mawili na kuyalinganisha.

Sasa nirudi kwenye mwongozo wangu. Ulitumiwa katika taasisi moja ya elimu ambayo sitaitaja. Siku moja ya Ijumaa cheti cha usalama cha seva yao kilikwisha muda wake. Cheti hicho ni kitambulisho ambacho mgeni hukikagua kabla ya kukabidhi barua; kikiwa kimepitwa na siku, mgeni mwangalifu hugeuka na kuondoka na barua yake. Ndivyo ilivyotokea. Taarifa za kampuni ya malipo zilifika mlangoni, zikagoma, zikarudi mara kadhaa, kisha zikaacha kuja. Ukurasa wa taasisi uliendelea kufunguka kwa wafanyakazi waliobofya "endelea hivyohivyo", basi hakuna aliyeona kasoro.

Jumatatu ilikuwa siku ya mtihani. Wanafunzi walifika na ujumbe mfupi wa stakabadhi katika simu zao, lakini daftari halikuwa na majina yao. Mhasibu, mtu mwenye bidii, alifungua mwongozo. Nilikuwa nimeandika hivi: ndoano ya wavuti huvuta malipo kutoka kwa kampuni na kuyaingiza katika daftari. Akasababu kama mtu yeyote mwenye akili angesababu. Ikiwa ndoano ndiyo inayovuta malipo, na ndoano haijavuta, basi malipo bado yako kwa kampuni, na taasisi haijalipwa. Wanafunzi wakazuiwa mlangoni kwa siku mbili. Fedha zao zote wakati huo zilikuwa katika akaunti ya taasisi. Kilichokosekana ni barua tu. Wazee wa hundi wangalimweleza hivyo mara moja.

Madhara hayakuishia hapo. Makarani walianza kuandika malipo kwa mkono wakitazama simu za wanafunzi. Siku ya tatu fundi alifanya upya cheti na kuiomba kampuni itume tena taarifa zote zilizokwama. Zikaja, na daftari likaziandika zote, zikiwamo zile ambazo makarani walikuwa wamekwisha kuziandika. Baadhi ya wanafunzi walionekana wamelipa mara mbili. Ilichukua majuma kusafisha. Katika mwongozo wangu palikuwa na sentensi iliyosema kwamba ndoano yaweza "kujirudia". Ndoano ikijirudia maana yake nini? Ningaliandika kwamba tarishi ambaye hakutiliwa saini ataileta barua ileile tena, na kwamba karani lazima atazame namba ya muamala kabla ya kuiandika, nadhani mtu yeyote aliyepata kufanya kazi ya masjala angalielewa bila kufundishwa.

Nilipoalikwa kuusahihisha mwongozo nilikaa na fundi siku nzima, nikamwomba anionyeshe mambo yanayoharibika mara nyingi. Karibu yote yalikuwa mambo ya tarishi. Yupo anayesajili anwani ya ndani ya kompyuta yake, 127.0.0.1, ambayo kwa kila kompyuta maana yake ni "hapa nilipo mimi". Ni sawa na kumwambia tarishi apeleke barua "nyumbani". Yupo anayehamisha ukurasa wake na kuacha kibao kinachosema "tumehamia kule", asijue kwamba matarishi wengi hawafuati vibao. Kampuni ya Stripe, mathalan, huhesabu jibu la namna hiyo kuwa barua haikupokelewa. Daraja hukataa anwani yenye maneno kama "M-PESA" au "Safaricom" ndani yake, na fundi alisema amewahi kupoteza siku nzima kwa sababu hiyo. Lakini kosa alilolikuta mara nyingi zaidi ni la mpokeaji anayemwacha tarishi amesimama. Barua inafika, programu inaanza kuandika daftari, kuchapa stakabadhi na kumtumia mzazi ujumbe, na baada ya yote hayo ndipo inatia saini. Tarishi ana muda wake. Ukipita anaondoka na kuandika kwamba hakupokelewa, kisha anarudi na barua ileile. Inafaa kutia saini kwanza, kuiweka barua katika trei, na kuishughulikia baadaye.

Jambo la muhuri lilinichukua muda zaidi kulielewa. Mwaka 1996 Mihir Bellare, Ran Canetti na Hugo Krawczyk walitangaza njia ya kuthibitisha ujumbe kwa neno la siri, nayo ikachapishwa mwaka 1997 katika waraka wa RFC 2104. Mtumaji na mpokeaji wana siri moja. Mtumaji huichanganya siri hiyo na maandishi ya barua kwa hesabu maalumu, akapata mfuatano mfupi wa alama, akaubandika juu ya bahasha. Mpokeaji hufanya hesabu ileile. Alama zikilingana, barua ni ya kweli na haijaguswa. Herufi moja ikibadilika, alama zote hubadilika. Stripe huongeza saa ya kutumwa ndani ya hesabu hiyo, na programu zake kwa kawaida huikataa barua iliyopita dakika tano, ili mwizi aliyenasa barua ya jana asiilete tena leo. Fundi alinionyesha mtego mmoja: programu nyingi huipokea barua, huipanga upya kwa mpangilio zinaoupenda, kisha ndipo hupima muhuri. Muhuri hukataa, na mtu hukesha akiitafuta siri mbovu ilhali siri ni nzima. Muhuri hupimwa juu ya maandishi kama yalivyofika, nafasi na nukta zake zote.

Baada ya siku hiyo nilikuwa na orodha ya majina mezani. "Ndoano" niliiondoa kwa mkono wangu mwenyewe. "Kulabu ya wavuti" ni sahihi kwa asili ya neno, na mwanaprogramu huenda akaikubali, lakini haimwambii mhasibu lolote. "Kiarifu" lilinivutia, mpaka nilipokumbuka kwamba walimu wa sarufi wamekwisha kulitumia kwa sehemu ya sentensi inayoeleza kiima, na haifai kuwapokonya. "Mwito rejea" lina sauti ya kitabu na halina mtu ndani yake. Lipo pia "webuhuku", kama linavyotamkwa. Sipingi kukopa, "kompyuta" iliyashinda "tarakilishi" na "ngamizi" katika vinywa vya wengi, nasi tunaandika kompyuta bila kuona haya. Lakini neno la kukopa hufaa pale watu wanapokigusa kitu kila siku na kukijua kwa macho. Kitu hiki hakionekani. Anayesoma jina lake hana kingine cha kushika ila jina.

Kwa hiyo napendekeza "tarishi wa mtandao" kwa utaratibu huu, "arifa" kwa barua anayoileta, "anwani ya mapokezi" kwa mahali anapofika, "saini ya mapokezi" kwa namba 200 anayopewa, na "muhuri" kwa alama za kuthibitisha mtumaji. Nimetenganisha saini na muhuri kwa makusudi, kwa kuwa saini ni ya anayepokea na muhuri ni wa anayetuma, na Kiingereza hapa kimechanganya mambo kwa kuuita muhuri saini. Kwa ile sifa ya karani kutoandika jambo moja mara mbili ingawa ameambiwa mara mbili, sijapata neno moja linaloridhisha. Nimeandika maelezo marefu katika mwongozo, na kwa sasa nayaacha hivyo.

Wenzangu wawili wamepinga. Mmoja amesema tarishi ni mtu, na kwamba vijana wa leo hawakumkuta tarishi na daftari lake la ngozi ofisini. Huenda ni kweli kwa Dar es Salaam; katika halmashauri nyingi nilizotembelea bado yupo. Wa pili ameuliza juu ya upatanisho wa kisarufi: tutasema "tarishi wa mtandao amefika", kana kwamba anapumua, au "limefika", kama mtambo? Swali hilo ni la haki, na kamati haijalijibu. Mimi nilikuwa nimeelekea kwenye "limefika" hadi nilipopeleka toleo la pili la mwongozo katika taasisi ile. Karani wa ada aliusoma ukurasa wa tatu akiwa amesimama, akageukia skrini, akamwita fundi: "Njoo utazame, tarishi karudi mara tatu na hakuna aliyemtilia saini."